Naomba ushauri: niende Angola kutegua mabomu ya ardhini ilhali ufadhili unayumba?

MwanaUluguru: Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Nilifundisha panya buku kunusa baruti hapa Morogoro kwa miaka sita kabla ya kuajiriwa na halmashauri. Sasa nimepata nafasi ya mwaka mmoja Angola, katika kikosi kinachosafisha mashamba yaliyotegwa mabomu wakati wa vita vilivyokwisha mwaka 2002. Mshahara ni mara tatu ya huu wa sasa. Wasiwasi wangu ni kwamba fedha zote zinatoka kwa serikali ya kigeni, na sote tuliona Januari 2025, Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote wa kazi hii, iliposimamisha misaada na vikosi katika nchi nyingi vikaamriwa kusitisha kazi. Je, niende?

MzeeWaRuvuma: Mwanangu, nenda. Mimi ni mzaliwa wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Wareno walitega mabomu upande wetu wa Mto Ruvuma ili kuwazuia wapigania uhuru waliovuka kutoka Tanzania, na vita vya baadaye vikaongeza mengine nchini. Kaka yangu alipoteza mguu akifuata mbuzi, amani ikiwa imekwisha kupatikana. Msumbiji ilipotangazwa kuwa imesafishwa, Septemba 2015, nilikumbuka kwamba panya wa Morogoro walikuwa miongoni mwa waliosaidia, nikawaombea dua walezi wao.

BiMhasibu: Shikamoo mzee, lakini hakuuliza kama kazi ni njema. Nimeshika hesabu za miradi ya wafadhili: ruzuku nyingi huidhinishwa kwa muda mfupi, na mkataba wa mfanyakazi huwa na kifungu kinachouvunja fedha zikikoma. Angola imeyaona hayo. Wafadhili wengi walipopungua, mwaka 2019 serikali yake yenyewe iliahidi dola milioni 60 za kusafisha hifadhi za Luengue-Luiana na Mavinga. Mdogo wangu, kifungu chako kinasemaje? Na huku halmashauri umeomba likizo bila malipo, au umeacha kazi?

MwanaUluguru: Dada, kifungu kipo: notisi ya siku 30. Likizo nilinyimwa, kwa hiyo Ijumaa iliyopita nilikabidhi barua ya kuacha kazi. Tena nimekopa SACCOS milioni nane nimalizie nyumba ya mama, nikitegemea mshahara huo. Msinione mpumbavu, kazi hii ndiyo ninayoijua kuliko zote, na mkulima wa kule hawezi kusubiri bajeti ya mtu mwingine ndipo alime.

UstadhK: Usiache mbachao kwa msala upitao. Umemweka mama yako rehani kwa fedha ambayo hujaiona, na hilo ulipaswa kulisema mwanzo.

Mchunguzi: Mimi naona kisa hiki kimetungwa. Panya gani apite juu ya bomu asililipue, tena katika jua la Angola?

MwanaUluguru: Panya buku hafiki kilo mbili, hivyo uzito wake hautoshi kulilipua. Tunaanza alfajiri na kumaliza kabla jua halijawa kali, na masikio na mkia wake tunavipaka losheni ya kuzuia jua. Anavishwa mkanda wa kifuani, anakwenda na kurudi kwenye kamba kati ya watu wawili. Akinusa baruti anakwaruza ardhi. Eneo la uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa hivi, ilhali mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua hadi siku nne, kwa sababu kila msumari na kila kisoda humsimamisha. Fedha zikiwa chache, tofauti hiyo ni mashamba mangapi?

Mchunguzi: Naomba radhi, ndugu yangu. Barua yako imeshajibiwa?

BiMhasibu: Kama bado, wahi Jumatatu asubuhi uulize kama unaweza kuiondoa. Kisha uwaombe waajiri wapya wakuandikie fedha walizokwisha kupokea zinatosha miezi mingapi. Usisafiri bila jibu hilo.

MwanaUluguru: Bado haijajibiwa. Lakini tiketi wameshanitumia, na safari ni Jumapili usiku.