Naomba ushauri: mafuvu ya karatasi yanabonyea utosini yakikauka

Habari wakuu. Haya ni mafuvu ya madhabahu ya Siku ya Wafu ya Meksiko, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, Novemba 1 na 2, kila marehemu na lake, jina limeandikwa kwenye paji la uso. Yanastahili kutoka vizuri.

Umbo ni puto, taya ni kadibodi iliyobanwa kwa tepu. Gundi ni uji wa ngano uliopikwa: unga kikombe 1, maji vikombe 4, chumvi kijiko 1 kuzuia ukungu. Gazeti linachanwa kwa mkono, maana kingo za mkasi huacha mistari. Tabaka ni 5.

Shida: usiku wa baridi hewa ya puto husinyaa, na karatasi mbichi iliyoganda juu yake huvutwa ndani. Je, kupaka puto mafuta ya mgando kunatosha, au bora kalibu ya udongo kama mafundi wa Meksiko?

Pia, wino wa gazeti unapenya rangi nyeupe, na maua ya cempasúchil (marigodi ya rangi ya chungwa) yaliyochorwa kuzunguka macho yanafifia. Tabaka la mwisho liwe karatasi nyeupe, au chokaa laini iliyochanganywa na gundi ya mbao? Chokaa nene hupasuka kwenye mashavu.