Wakuu hebu niangalieni hii ratiba yangu ya msosi, nakula vizuri au najidanganya?

fundi_saa_kkoo
Habari za jioni wakuu. Mimi mwanaume miaka 34, kazi yangu kutengeneza saa na simu Kariakoo, kwaiyo kutwa nzima niko kwenye kiti. Sasa jirani yangu wa fremu kaambiwa ana kisukari na tangu siku hiyo kila mtu pale mtaani kawa daktari, huyu anasema acha ugali, yule anasema sembe ni sumu, mwingine eti nile nyama na mayai tu. Mimi sio mtu wa chipsi wala baga, nakula hivi:

Asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, saa nyingine maandazi. Mchana kwa mama ntilie wali maharage, hela ikiwepo na samaki, nashushia soda. Usiku home ugali na dagaa au maharage, mchicha au matembele haukosi. Jumapili nyama. Matunda kusema ukweli ni ndizi tu mara moja moja. Pombe situmii, sigara situmii. Mama watoto ananyonyesha, mtoto ana miezi mitano, nae anakula hivi hivi. Mnaionaje?

Chuma_cha_pua
Mkuu kata wanga wote, ugali wali chapati tupa kule. Kitambi kitaisha chenyewe. Babu zetu walikula nyama choma na walikuwa wazima.

bi_mkunde
Babu zako wapi hao, wangu walikula mtama na kunde na nyama waliiona sikukuu 😂

@fundi_saa_kkoo kaka orodha yako mbona nzuri tu, maharage yapo, dagaa wapo, majani yapo kila siku, watu wengi mjini hawafikii hapo. Tatizo umetuambia unakula nini hujasema kiasi gani, na hapo ndio kwenye kesi yenyewe. Nijibu haya: chai vikombe vingapi kwa siku na sukari vijiko vingapi? Ugali wa usiku unga kiasi gani na mnakula wangapi? Mafuta ya kula lita moja mnaimaliza kwa siku ngapi?

fundi_saa_kkoo
Duh maswali ya polisi haya. Chai vitatu, viwili asubuhi na kimoja saa nne, sukari vijiko vitatu kila kikombe. Ugali nusu kilo ya unga mimi na wife, haubaki. Mafuta lita moja siku nne tano hivi, tuko wanne na yule mchanga na kaka yake wa miaka mitatu.

bi_mkunde
Haya twende. Vikombe vitatu mara vijiko vitatu ni vijiko tisa, kijiko cha chai cha kufuta ni kama gramu 4, hapo ushafika 36 na najua vyako sio vya kufuta. Soda ya chupa ndogo inaongeza kama 35. Jumla umegonga 70 na bado andazi. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima asizidi kama gramu 50 za sukari ya kuongeza kwa siku na ikiwezekana ishuke mpaka 25. Kwaiyo wewe unagombana na ugali wakati mwizi yuko kwenye kikombe.

Mafuta sasa. Lita kwa siku tano ni mililita 200 kwa siku, na anayeyala hasa ni wewe na wife maana huyu mdogo bado ni wa ziwa na wa miaka mitatu anakula kidogo, ina maana kila mmoja anabeba kalori kama 700 au 800 za mafuta matupu, hapo hatujagusa ya mama ntilie. Robo kilo ya unga nayo ni kama kalori 900. Mbeba mizigo wa sokoni atazichoma zote hizo kabla ya adhuhuri, mtu wa kukaa kwenye kiti zinaishia kiunoni. Punguza ugali uwe nusu ya huo, mboga iongezeke mara mbili, lita ya mafuta ifike hata siku kumi. Sio lazima uache kitu.

Kuhusu sembe, sio sumu. Kukoboa kunaondoa pumba na kiini, na huko ndiko zilipo nyuzinyuzi na vitamini nyingi, basi. Dona ni bora lakini nunua kidogo kidogo maana inachacha haraka, na mahindi yawe makavu safi. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, inakaa sana kwenye pumba, kwaiyo dona ya mahindi yenye ukungu ni hatari kuliko sembe. 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa hiyo sumukuvu.

nesi_wa_zamu
Naongezea kwa upande wa shemeji. Chai ya rangi asinywe pamoja na chakula, majani ya chai yanazuia madini chuma ya kwenye maharage na mchicha yasiingie mwilini, akae kama saa moja ndio anywe. Mboga akamulie limao au ale na chungwa, hapo madini yanaingia vizuri. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, sio kipimo kile kile, mwongezee hata kibakuli cha maharage au mayai katikati ya mchana. Dagaa msiwatoe mifupa, calcium iko hapo, ila kama ni wa chumvi loweka kwanza. Na mtoto wa miezi mitano ni maziwa ya mama tu, bibi asianze na uji!!

Kisumu_Ndogo
Hao dagaa sisi huku tunaita omena, na avocado msimu huu ni bei ya kutupa, mnunue badala ya hiyo soda.

fundi_saa_kkoo
Asante sana dada zangu. Uji bibi alishaanza kuutaja, nitamwonyesha hii. Soda naweza kuacha, chai ya bila sukari ndio sijui. Sasa kitambi nitajuaje kama kimezidi, mzani sina.

bi_mkunde
Chai shuka kijiko kimoja kimoja, weka tangawizi na mchaichai. Kitambi chukua uzi, pima urefu wako toka kisigino mpaka utosini, ukunje katikati uwe nusu, uzungushe tumboni usawa wa kitovu bila kubana pumzi. Ukikutana uko salama, usipokutana kimezidi.

fundi_saa_kkoo
Haukutani. Unabaki kama vidole vitatu.

nesi_wa_zamu
Basi kapime sukari na presha wiki hii, asubuhi kabla hujala wala kunywa hiyo chai. Sukari ikisoma 7 (mmol/L) au zaidi ukiwa na njaa irudiwe siku nyingine hospitali, usiende kununua dawa za mitishamba kwanza.