Tunaishi kwenye boti: friji ya volti 12 au tubaki na kasha la barafu?

NahodhaMgeni
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mke wangu tumehamia kwenye boti ya tanga, tunazunguka Tanga, Pemba na Unguja, tukijaaliwa tutashuka mpaka Mafia. Chakula kinatuharibikia. Kwa sasa tuna kasha la barafu tu. Kuna jamaa Dar anauza friji ya volti 12, lita 40, imetumika ila nzima, anataka jibu kabla ya Ijumaa. Wengine wanasema nichukue friji ndogo ya nyumbani na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, bei karibu nusu. Wenye uzoefu, nichukue ipi?

FundiBetri
Mkuu, unamuuliza daktari unywe dawa gani na hujasema unaumwa nini. Betri ngapi, za aina gani? Sola wati ngapi? Injini gani? Boti futi ngapi? Bila hayo tutabishana mpaka kesho.

BiKihori
Na mnalala nangani muda mwingi, au kila siku mbili mko bandarini? Kama jioni zenu ni Forodhani na bakuli la urojo, friji ya nini?

KusiMoja
Friji! Watu wamekwenda na majahazi kwa mchele, tende, nazi na ng'onda wa samaki mkavu, jiko la kuni ndani ya sanduku la mchanga, choo kinaning'inia tezini, na wakarudi wazima. Nguru mpasue mgongoni, mtie chumvi ya mawe, mwanike juani. Umemaliza. Nyie vijana mnataka juisi baridi katikati ya mkondo wa Pemba.

BiKihori
Shikamoo mzee wangu. Ila hao mabaharia wake zao waliwaacha nyumbani. Hakuna aliyewauliza mchicha uko wapi.

Wa_Kilifi
Sisi tuko Kilifi, ndani ya creek, hatuna friji na hatujafa. Kasha la barafu linatosha ukilitengeneza sawasawa. Letu tumelizungushia foamu ngumu ya inchi nne pande zote, na mlango unafunguka juu. Hewa baridi ni nzito, mlango ukiwa mbele ukifungua tu yote inakumwagikia miguuni. Chukua barafu ya bonge kutoka mtambo wa samaki, achana na vipande. Bonge zuri linakaa siku nne, tano. Vinywaji viwe na kasha lao, maana hilo ndilo linafunguliwa kila dakika. Shida yake moja: ukienda mbali na mji, barafu ndiyo inakupangia safari.

NahodhaMgeni
Samahani wakuu. Boti futi 31, ya faiba. Betri moja ya maji, N100. Sola wati 100. Injini ni autobodi ya HP 15, ile ya kufunga nyuma ya boti, inawashwa kwa kuvuta kamba. Nangani muda mwingi.

FundiBetri
Ya kuvuta kamba! Nyingi za hivyo hazichaji betri, na hilo ndilo ulilolificha.

Twende kwenye hesabu. Friji ya volti 12 inavuta ampea 4 hadi 5 kompresa ikizunguka. Kwa joto la pwani weka saa 10 kwa siku, unapata ampea-saa 40 hadi 50. Sola yako siku ya jua kali itakupa kama 30, na kivuli cha mlingoti kikikatiza paneli inashuka zaidi. Betri ya maji usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo kwenye N100, yenye ampea-saa 100, una 50 za kutumia. Bado taa, pampu, simu na redio ya VHF. Siku ya pili umeishiwa.

Ile ya nyumbani usiiguse kabisa. Kompresa yake ikitaka kuwaka inavuta mara kadhaa ya kawaida, na inveta inakula umeme hata friji ikiwa imetulia. Unachookoa dukani utakilipa kwenye betri.

Mchuuzi_Wete
Na ya gesi je?

FundiBetri
Friji ya gesi inataka kusimama wima. Boti ikilalia upande kwa upepo, haipoi. Halafu gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, na kukaa hapo kungoja cheche. Hata mtungi wa jiko uwe nje, na valvu ifungwe kila mkimaliza kupika.

PwezaMkavu
Kabla hujamlipa jamaa wa Dar, soma hii.

Duka moja lilituuzia betri imeandikwa lithiamu, ampea-saa 200. Mke wangu akainyanyua kwa mkono mmoja, akasema mbona nyepesi hivi? Muuzaji akacheka, eti lithiamu ndivyo zilivyo. Tukashuka Mafia, tukatia nanga Chole Bay, kusi inavuma, mawingu kutwa. Tulikuwa tumenunua nguru mzima kwa wavuvi, vipande vimejaa friji mpaka kwenye kifuniko. Usiku friji ikaanza kupiga kelele, taa nyekundu. Natazama mita ya betri, asilimia 70. Nikarudi kulala.

Asubuhi mke wangu kafungua friji. Maji mekundu yalikuwa yameshapita kwenye tundu la chini, yameingia kwenye ngama. Tumefua maji, tumesugua kwa sabuni, siki, ndimu, wapi. Boti ikiyumba kidogo tu, harufu inapanda tena. Mke akachukua mkoba wake, akaenda Kilindoni akapanga gesti. Akasema atarudi boti ikinuka boti. Betri tulikuja kuipasua Dar: ndani seli ndogo ndogo kama za tochi, nafasi iliyobaki imejazwa sponji. Muuzaji simu hapokei.

FundiBetri
Lithiamu ya kweli ya 200 ni kilo ishirini na kitu. Ukiinyanyua kwa vidole viwili, irudishe.

Mchuuzi_Wete
Chole Bay nanga yenu ilishika? Yangu iliburuza usiku kucha, bamvua lile la maji makubwa, mkondo unakimbia mlangoni mwa ghuba si mchezo.

KusiMoja
Mnatumia hizo nanga za jembe. Tia baura, nanga nzito ya kizamani, toa mnyororo wa kutosha, ulale.

Wa_Kilifi
Mzee, baura ya kushika futi 31 utaipandisha na nani? Mke?

BiKihori
Mke ndiye anayeipandisha siku zote, mume yuko nyuma kwenye usukani anapiga kelele. Na pale Chole Bay mko ndani ya Hifadhi ya Bahari, tafuteni mchanga, msiangushe juu ya matumbawe.

MkeWaNahodha
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Friji mimi sijaiomba, ni yeye na soda zake. Chakula kinachoharibika ni samaki anaowanunua wengi kupita kiasi. Viazi, vitunguu, maboga na kabichi vinakaa vizuri. Mayai nayanunua hayajaoshwa, nayageuza kila siku, yanavumilia. Maziwa ni ya unga. Ninachotaka mimi ni maji. Tanki lita 120 kwa watu wawili, tunaoga maji ya bahari halafu kikombe kimoja cha kusuuzia, nywele hazichaniki kwa chumvi. Hiyo hela iende kwenye tanki la pili na sola.

NahodhaMgeni
Tulikubaliana humu usiingie 😂

BiKihori
Dada karibu sana. Turubai la kivuli mnalo? Lishoneeni tundu katikati na mpira, masika inawajazia tanki bure. Mvua ya kwanza iacheni ioshe chumvi kwanza.

KusiMoja
Huyu binti ana akili. Ng'onda anajua kupika?

MkeWaNahodha
Kwa nazi na bamia, mzee wangu. Shikamoo.

NahodhaMgeni
Jamaa wa Dar kapiga simu, kashusha bei. Fundi, nikiongeza sola moja ya wati 100 na betri nyingine ya N100, itabeba?

FundiBetri
Sola mbili zinakupa 60 jua likiwa zuri. Inabeba kwa kubana. Kusi likija na mawingu, mtarudi kwenye barafu.

Mchuuzi_Wete
Kwani boti yenyewe mliinunua shilingi ngapi?