Gemu nimelipia mimi, kwa nini nilazimishwe kuweka programu yenu kwenye kompyuta yangu?

Wadau, nina hasira na sitaificha. Nilimwahidi kijana wangu gemu ya mbio za magari shule zikifungwa. Shule zikafungwa, nikaingia duka moja hapa Kisumu mjini, nikatoa shilingi 4,200 taslimu. Tukafika nyumbani Manyatta, mtoto akafungua boksi kwa pupa, hamna diski. Boksi zima la plastiki, gari jekundu juu, ndani mna kikaratasi kama risiti ya supamaketi chenye herufi na namba 25.

Na hicho kikaratasi hakikupi gemu. Kinakutuma mtandaoni kwanza ukaweke programu ya duka ya kampuni (jina naliacha), ufungue akaunti, utoe baruapepe, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa, ndipo uruhusiwe kupakua ulichokwisha kulipia. GB 61. Kwangu hakuna faiba, ni bando la simu. Tulipakua usiku tatu, na usiku wa pili stima zikapotea tukiwa asilimia 70.

Bando ningelisamehe. Kisichosameheka ni masharti. Yanatokea baada ya pesa kutoka mfukoni: ukurasa mrefu wa Kiingereza cha mawakili, na chini yake vitufe viwili, kukubali au kutoka. Ukitoka, 4,200 imeenda. Niliyasoma yote. Yanasema programu itakusanya habari za kompyuta yangu, programu zilizomo na jinsi zinavyotumika, na kwamba wanaweza kuzigawa kwa "washirika". Washirika gani, hawasemi.

Kijana ana miaka 13. Alipoandika tarehe yake ya kweli, programu ikagoma, ikataka akaunti ya mzazi na kadi ya benki kuthibitisha. Nikampigia mwenye duka. Akaniambia, "Mzee, andika tu 1990, kila mtu hufanya hivyo." Yaani nimfundishe mwanangu kudanganya ndiyo acheze gari!

Mimi riziki yangu ni kutengeneza kompyuta, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia sielewi. Jumapili tukiwa tumetoka kanisani, hakuna aliyegusa gemu, nilifungua orodha ya programu zinazoendelea. Ile ya duka iko pale, imejigawa mara nne, inatuma data. Nikaizima. Nikawasha kompyuta upya, imejiwasha yenyewe. Nikapima kuanzia jioni hadi asubuhi: MB 380 zimekwenda, sote tumelala. Na hiyo laptopu ndiyo mke wangu anaandikia hesabu za chama, majina ya akina mama 22 na michango yao. Sisemi programu imezisoma. Nasema sina njia ya kujua, na hakuna aliyeniomba ruhusa kama anayeomba, mtu aliye tayari kusikia "hapana".

Bando lilipoisha ndipo nilipochoka kabisa. Hii gemu kijana anacheza peke yake, hashindani na mtu yeyote mtandaoni. Lakini programu ikikosa mtandao haimfungulii. Gari limo ndani ya kompyuta yangu, GB 61 zimelala hapo, na sina ufunguo.

Ujanja huu wa kampuni ni wa zamani. Mwaka 2004 gemu ya Half-Life 2 ilipotoka, hata aliyenunua diski alilazimika kupitia Steam, programu ya duka ya kampuni iliyoitengeneza, Valve. Mwaka 2011 Wajerumani walilipuka kwa hasira juu ya masharti ya Origin, programu ya duka ya kampuni ya gemu ya EA, kuhusu kuchungulia kompyuta za watu, na EA ikayabadilisha maneno. Kumbe wakibanwa wanaweza! Halafu tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ikazima seva za The Crew, gemu ya magari ya 2014, na waliokuwa wameilipia wakabaki mikono mitupu, hata waliokuwa wakicheza peke yao. California sasa ina sheria inayowalazimu wauzaji wa mtandaoni waseme wazi kwamba unapata leseni tu. Sisi hapa tunauziwa boksi tupu na tunaambiwa "umenunua".

Najua wapo watakaosema ninunue GOG, duka la gemu la mtandaoni, ambako tangu 2008 wanauza gemu unayoiweka bila programu ya lazima. Sawa, na hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba inawezekana. Ila gemu aliyoitaka mtoto haiko huko. Inapatikana kupitia mlango mmoja tu, na mlangoni unapekuliwa.

Na sheria tunayo. Katiba, kifungu cha 31, inakataza mtu kudaiwa habari za familia yake au mambo yake ya faragha bila sababu ya lazima. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 32, inataka itazamwe kama umeshurutishwa kukubali kutoa data isiyohitajika kwa ile huduma yenyewe. Gari la kwenye kioo linahitaji namba yangu ya simu kwa kazi gani? Kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto. Idhini, si kadi ya benki.

Mwenye duka anasema boksi likishafunguliwa halirudi. Kampuni imenijibu kwa baruapepe kwamba ile namba imeshatumika. Nataka pesa yangu, na nataka akaunti ifutwe na kila walichochukua.

Nimepiga picha boksi pande zote sita. Kuna mstari mmoja tu, nyuma, chini kabisa, maandishi madogo kuliko punje ya wimbi: intaneti inahitajika. Akaunti haikutajwa, kukusanya data hakukutajwa. Nazipeleka picha hizo kwa Kamishna wa Kulinda Data, ambaye kisheria ana siku 90 kushughulikia lalamiko. Aliyewahi kupeleka lake, awe Kisumu, Kakamega au Nakuru, anieleze hapa chini aliambatisha nini na alijibiwaje.