Land Rover 109 (Series III): maji chumvi yanaingia kwenye maboli ya mbele, na stelingi inatetemeka

MkaaTumbe

Assalaamu alaykum mafundi. Nna Land Rover Series III, 109, injini ya petroli 2.25. Inabeba samaki hapa Pemba kutoka pwani ya Tumbe kwenda Konde na Chake, na msimu wa karafuu inaingia njia za ndani za Makangale. Maji yakitoka, madau yanabaki mbali, kwa hiyo gari inashuka mchangani mpaka maji yanafika kwenye habu (kitovu cha gurudumu).

Sasa oili inavuja kwenye maboli yote mawili ya ekseli ya mbele (yale maduara yanayong'aa nyuma ya gurudumu), zaidi kushoto. Nikifungua plagi ya chini inatoka oili rangi ya chai ya maziwa. Stelingi inatetemeka nikifika kama 60 km kwa saa nikipita kwenye shimo, na nikishika breki gari inavuta kushoto. Fundi mmoja ameniambia nijaze grisi kwenye maboli na nisahau. Kuna anayejua njia ya kulimaliza hili? Spea nitaagiza Dar, kwa hiyo nataka niagize mara moja.

Spana_Wete

Wa alaykum salaam. Kabla ya kuagiza sili, tazama kipumulio cha ekseli. Ni kidude kidogo kimefungwa kwa nyuzi juu ya ganda la ekseli, ndani yake mna kigololi. Kwa gari za pwani kinaganda kwa kutu na mchanga, na watu wengi hawajui hata kama kipo.

Ekseli ikitoka safari ina moto na hewa ya ndani imetanuka. Kipumulio kikiwa kimeziba, ule mgandamizo unasukuma oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) ipite sili za hafu shafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu) iingie kwenye maboli, boli linajaa kupita kiasi, na oili inatafuta njia kwenye sili kubwa ya nje. Kisha unaitia ekseli ile ile baharini. Inapoa ghafla, hewa inajikunja, inavuta chochote kilicho karibu na mdomo wa sili, na kilicho karibu ni maji chumvi. Ukibadilisha sili ukaacha kipumulio kimeziba, mpya nazo zitavuja.

Kifungue, kitie kwenye petroli, kitikise. Kigololi kisipocheza, tupa. Kwa kazi yako mimi nisingerudisha cha kawaida kabisa: mpelekee fundi wa mashine ya kukereza kile cha zamani apate kipimo cha nyuzi, akutengenezee nipeli ya shaba, uvishe mpira wa petroli wa 6 mm na kuupandisha mpaka ndani ya boneti, mdomo ukiangalia chini. Fanya hivyo na ekseli ya nyuma. Acha mpira na ulegevu wa kutosha, maana ekseli inapanda na kushuka na springi. Na ukifika pwani, subiri robo saa kabla ya kuingia majini. Hilo halina gharama.

Ya kutetemeka: usinunue kitu kabla ya kupima. Pandisha ekseli, weka vigogo imara chini, usitegemee jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise ndani na nje. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi za habu. Ukibaki, ni kingpini (pini ambazo gurudumu linageukia kushoto na kulia). Halafu shika kushoto na kulia, mtu mwengine aweke kidole kwenye kila tairodi endi. Iliyokufa utaisikia kwa kidole kabla ya kuiona kwa jicho.

Tuambie umepata nini. Na una habu za kufungia kwa mkono (zinazoweza kuachanisha gurudumu na hafu shafti) au flanji za kawaida?

MkaaTumbe

Shukran sana sheikh. Kipumulio hakichezi kabisa, hata petroli haikukitoa. Gurudumu la kushoto linacheza juu na chini, na breki ikikanyagwa bado linacheza. La kulia linacheza kidogo na linanyamaza breki ikikanyagwa. Tairodi endi zote kavu lakini hazina ulegevu. Habu ni za kufungia kwa mkono, muda wote zimefunguliwa ili kuokoa mafuta. Boli la kushoto lina vishimo vya kutu sehemu ya chini.

Gereji_Mwera

Basi picha imekamilika. Kulia kaza beringi, kushoto kingpini imekwisha, na hizo habu zina sehemu yake ya lawama. Bushi ya Railko iliyo juu ya boli inapata oili kwa kurushiwa na krosi (kiungo cha hafu shafti kinachopinda) inayozunguka ndani. Habu zikiwa wazi hafu shafti imesimama, krosi haizungushi oili, na bushi inakauka huku chini oili imejaa. Mwenye habu za aina hii afunge japo kilomita chache kila wiki, kwenye mchanga au njia ya udongo.

Kazi ya kushoto. Toa gurudumu na dramu. Fungua mpira wa breki kwenye kishikizo cha chesisi, ziba bomba. Toa habu ya kufungia, kunjua kifungio cha bati, utakutana na nati mbili kubwa za spana ya boksi ya 52 mm. Usizipige kwa patasi, nyuzi za stabu ekseli (chuma ambacho habu inazungukia) zikiharibika umenunua stabu ekseli. Habu ikitoka, fungua bolti sita za stabu ekseli na sahani ya breki, vuta hafu shafti taratibu, achia tairodi, kisha bolti zinazoshika boli kwenye ekseli. Kitu kizima kinatoka. Ni kizito, usikiache kikaangukia mguu.

Tazama sili ya hafu shafti, nayo ibadilishe. Halafu sehemu inayohitaji macho: piga boli kwa mafuta ya taa, lisugue kwa brashi, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye kishimo ndani ya njia ya sili, sili mpya itavuja hapo hapo. Vishimo vikiwa vichache, vikaushe vizuri, jaza gundi ya epoksi ya chuma, iache mpaka kesho, kisha msasa wa maji namba 400 na kumalizia 600 mpaka usisikie mpaka kati ya gundi na kromu. Kama kromu inabanduka kwa maganda, usipoteze muda, agiza boli.

Bushi ya Railko na beringi ya chini badilisha pamoja. Ulegevu wa juu na chini unarekebishwa kwa shimu (vibati vyembamba) zilizo chini ya kingpini ya juu: ukipunguza shimu unakaza, ukiongeza unalegeza. Fanya hivyo sili kubwa ikiwa bado haijafungwa na tairodi imeachiwa, vyenginevyo unapima ugumu wa sili. Unataka mkono wa stelingi uende kwa uzito ule ule kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kuning'inia wenyewe na bila kukwama. Huo uzito ndio unaozuia gari kutetemeka. Series III haikutoka kiwandani na shokapu ya stelingi kama kitu cha lazima, na kuifunga ili kuficha kingpini iliyokufa ni kulipa mara mbili.

Sili kubwa: paka grisi mdomoni, ivishe kutoka upande wa flanji kabla ya kurudisha boli kwenye ekseli. Wapo wanaoikata kwa wembe na kuivisha bila kufungua kitu, mkato ukiwa juu. Kwa gari ya nchi kavu inasukuma siku. Kwa gari inayoogelea Tumbe, hapana.

Beringi za habu, pande zote mbili: kaza nati ya ndani huku unazungusha habu, kisha legeza mpaka mchezo wa kuingia na kutoka uwe kati ya 0.05 na 0.10 mm. Ndipo kifungio, ndipo nati ya nje, ndipo upime tena, kwa sababu nati ya nje inakaza ile ya ndani. Na usisahau ringi ambayo sili ya habu inakaa juu yake. Ikiwa na mfereji, sili mpya haisaidii, na oili itaishia kwenye breki.

Spana_Wete

Hapo ndipo nadhani breki yake inapovutia. Oili imefika kwenye viatu vya upande mmoja. Viatu vilivyolowa usivichome moto wala kuvisugua, oili imeshaingia ndani na itarudi kila dramu ikipata joto. Badilisha pande zote mbili za mbele kwa pamoja.

Kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina wili silinda mbili na kila kiatu kina rekebisho lake. Zungusha rekebisho mpaka kiatu kishike dramu, rudisha mpaka gurudumu lizunguke huru, kisha lengine. Wengi hurekebisha moja tu na wanashangaa gari inavuta. Ukitoa upepo kwenye breki anza gurudumu la mbali zaidi na masta silinda. Mafuta ya breki yanavuta unyevunyevu, na kwa hewa ya pwani yabadilishe yote kila mwaka.

Mabomba ya breki ya chuma kagua yote, hasa yanapopita nyuma ya vishikizo, chumvi inakaa hapo. Badala yake weka ya shaba na nikeli ya 3/16. Tahadhari na nati zake: Series III zilitengenezwa 1971 mpaka 1985, za mwanzo zina nyuzi za inchi, za mwisho zina za metriki. Nati isiyo yake inaingia mizunguko miwili halafu inakula nyuzi za silinda. Chukua sampuli.

Maboli_na_Springi

Naomba niingie kwenye grisi, maana ushauri huo umetawala visiwani. Grisi ya kawaida ya beringi usijaze kwenye maboli. Krosi inachimba mfereji wake katikati, grisi inabaki kwenye kuta, na bushi ya juu haipati kitu. Ipo grisi nyepesi, karibu na uji, inayouzwa kwa pakiti maalumu kwa maboli ya Land Rover, pakiti moja kila upande. Hiyo inafanya kazi na haivuji haraka, lakini ina kasoro kwa gari ya ndugu yetu: maji yakiingia huyaoni. Oili inakuonyesha. Kwa anayeingia baharini mimi ninabaki na oili ya gia EP90, nusu lita kila boli.

Gari ikilala usiku mzima, asubuhi legeza plagi ya chini kabla ya kuiwasha. Maji yanakaa chini ya oili, yatatoka ya kwanza. Yakitoka matone machache acha, funga, ongeza oili. Ikitoka nyeupe, mwaga yote, weka nusu lita ya oili ya bei nafuu, funga habu, endesha kama kilomita tano, mwaga tena moto moto, ndipo uweke nzuri. Difu ya mbele nayo ifunguliwe siku hiyo hiyo, inachukua lita 1.75. Oili ya boli ikipanda na ya difu ikishuka, sili ya hafu shafti ndiyo mwizi.

Baada ya kazi yote, pima mwelekeo wa magurudumu. Chora alama ya chaki nyuma ya tairi zote mbili kwa urefu wa habu, pima kati yake, sukuma gari mbele nusu mzunguko wa tairi, pima tena alama zikiwa mbele. Mbele pawe pafupi kuliko nyuma kwa 1.2 mpaka 2.4 mm. Legeza klipu za tairodi na zungusha bomba lenyewe.

Bi_Chesisi

Kaka MkaaTumbe, kwa gari inayoingia maji chumvi, maboli yanapona lakini chesisi haisamehe. Pita na nyundo ndogo: krosimemba ya nyuma, mikono inayoshika bodi pembeni, na pale springi zinapofungwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Chesisi ni boksi, inaoza kutoka ndani, kwa hiyo rangi nzuri ya nje haisemi kitu. Matundu ya kutolea maji yaliyo chini yazibue kwa waya, utashangaa mchanga utakaotoka.

Ukichomea kiraka, kata kilichooza mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, usibandike bati juu ya kutu. Bati la 3 mm linatosha. Fungua betri na ondoa waya wa alteneta kabla ya kuchomea. Mkono wa upande wa kulia ukihitaji moto, toa tangi la petroli lililo chini ya siti, usilifunike na kitambaa chenye maji ukajiona salama.

Bodi ni aluminiamu, na inapokutana na chuma pakiwa na chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe kwenye pembe za milango ndio huo. Kila unapofungua bolti, rudisha na kipande cha mpira wa tyubu au rangi nene katikati.

Kuosha: siku ile ile, kwa maji matamu, kutokea chini, na ndani ya boksi la chesisi kupitia matundu. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, onja kwanza. Ikikauka, nyunyizia oili nzito ndani ya boksi, na ufunike dramu na mipira isirukiwe.

MkaaTumbe

Allah awalipe kheri nyote. Orodha yangu ya Dar basi: boli moja la kushoto kama epoksi haitafaa, sili kubwa mbili, sili za hafu shafti mbili, sili za habu mbili na ringi zake, bushi ya Railko na beringi ya chini za kushoto, shimu, vifungio vya bati, viatu vya mbele seti moja. Kulia niiache kingpini?

Gereji_Mwera

Kulia iache kama haichezi breki ikiwa imekanyagwa, lakini agiza bushi yake na beringi ya chini uziweke. Boli lifungue kwanza ulitazame ndipo uagize. Ongeza gasketi za karatasi za boli na stabu ekseli, na EP90 lita nne: moja kwa maboli, 1.75 kwa difu, inayobaki ni ya kusafishia na kuongezea.