Takwimu za madoa ya jua: faili la zamani na jipya hazilingani, niamini lipi?

MpendaNyota: Wakuu, nisaidieni. Nina mafaili mawili ya wastani wa mwaka wa madoa ya jua, moja la kabla ya 2015, jingine la baada. Kwa 1778 la zamani lina 154.4, jipya 257.3. Nikadhani wamezidisha tu. Lakini 1957 ni 190.2 na 269.3, uwiano mwingine kabisa! Jua la 1778 limeongezwaje madoa leo?

Kizungumkuti: Data zimepikwa hizo, mkuu.

DarubiniKuukuu: Hakuna aliyepika. Mwanafalaki Rudolf Wolf alianza kuhesabu 1848, baadaye akaendelea Zürich, Uswisi: makundi mara 10, ongeza madoa mojamoja, zidisha kwa kigezo cha mwangalizi, yaani namba ya kumsawazisha na wenzake. Vidoa vidogo kabisa aliviacha makusudi. Mrithi wake Wolfer akahesabu vyote, basi hesabu zake zikawa zinazidishwa kwa 0.6 zishuke hadi kwa Wolf. Mwaka 2015 SILSO, kituo cha Brussels kinachotunza rekodi, kikamfanya Wolfer ndiye kipimo na kuitupa 0.6. Gawa 154.4 kwa 0.6 uone.

Sasa 1957: 190.2 gawa kwa 0.6 ni 317, si 269.3. Huyo ni Waldmeier, aliyekuja kuongoza kazi hiyo Zürich. Tangu 1947 hivi huko Zürich doa lilipewa uzito kulingana na ukubwa wake, moja likihesabiwa hata 5. Namba zikavimba kwa takriban asilimia 18, na uvimbe huo ndio uliopunguzwa.

Hilo halinisumbui, chanzo chake kinajulikana. Zinazonikera ni sifuri za karne ya 17. Watafiti Hoyt na Schatten, kwenye hesabu yao ya makundi ya 1998, waliziba siku nyingi kwa 0 kwa sababu tu mtu aliyekuwa akipima kimo cha jua adhuhuri hakutaja doa. Alikuwa na shughuli nyingine jamani! Nyingi ya sifuri hizo zimeshaondolewa.

Kizungumkuti: Kwa hiyo ule ukame wa Maunder, 1645 hadi 1715, madoa yalipokaribia kutoweka, ni hadithi?

DarubiniKuukuu: Hapana. Mwanafalaki Flamsteed wa Greenwich, Uingereza, aliandika 1684 kwamba doa aliloliona ndilo pekee tangu Desemba 1676, naye jua lilikuwa kazi yake. Halafu kuna miti, isiyojua darubini: kaboni-14 kwenye pete zake iko juu kipindi hicho, kama inavyotarajiwa sumaku ya jua inapolegea na miale ya anga za mbali, ambayo ndiyo huizalisha, kupenya kwa wingi. Ukame ulikuwepo. Ubishi ni juu ya ukali wake.

MpendaNyota: Asante sana mkuu. Basi nichore grafu tangu 1700?

DarubiniKuukuu: Chora, ila namba za kila siku zinaanza 1818, za mwezi 1749, nyuma ya hapo ni wastani wa mwaka tu. Miaka ya vilele iamini kuliko urefu wake. Miaka ya 1790 ina mapengo makubwa hadi wapo wanaodai kuna mzunguko mzima wa madoa (kupanda na kushuka kwa miaka 11 hivi) uliopotea humo, mimi sijashawishika. Na mafaili hayo mawili usiyaunganishe kwenye mstari mmoja.