Naomba ushauri: kushirikiana na shirika la wagonjwa wa Machado-Joseph

Habari zenu ndugu. Sisi ni kikundi kidogo cha Waswahili hapa Darwin, Australia. Tunataka kushirikiana na MJD Foundation, shirika linalohudumia Waaborijini (wenyeji asilia wa Australia) wenye ugonjwa wa Machado-Joseph, wakiwemo wa kisiwa cha Groote Eylandt. Ugonjwa huu wa neva ni wa kurithi: mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 kuupata. Hauna tiba, mwili hupoteza uthabiti taratibu hadi mtu anahitaji kiti cha magurudumu.

Tumeshachanga kidogo na barua iko tayari, ila tumekwama. Mwenzetu anataka tupigwe picha tukikabidhi msaada kwa wagonjwa. Mimi naona aibu, kusema kweli.

Tutoe fedha bila masharti, au tuulize kwanza familia zinahitaji nini? Na suala la picha na siri za wagonjwa, mliowahi kushirikiana hivi mliliandikaje kwenye makubaliano?